Walisema pacha wangu kaniuza damu kwenye duara la dhahabu. Mimi huyu hapa, nimeshiba

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Naandika huku nimeshiba. Nimeanza na hilo makusudi, mbele huko mtaelewa kwa nini kwangu mimi kushiba ni jambo la kutangaza.

Nitasema yaliyotokea, basi. Hospitali na madaktari sitawataja kwa sababu sijawaomba ruhusa. Mods, nawaomba msiuhamishe uzi huu kwenye jukwaa la uchawi. Ni uzi wa afya, hata kama uchawi umejipenyeza humo bila kualikwa.

Mimi ni mwanamke, fundi cherehani, niko Nyahanga, Kahama. Naitwa Kulwa. Watu wa kanda hii hapo hapo mmeshajua kwamba nina pacha na kwamba anaitwa Dotto. Dotto ni mwanaume, mchimbaji mdogo kule Mwakitolyo. Tulilelewa kama mapacha wanavyolelewa kwetu: akipewa mmoja anapewa na mwingine, akichapwa mmoja na mwingine ajiandae. Na tulikula sahani moja mpaka tukawa watu wazima.

Sasa, miaka kadhaa nyuma nikaanza kukonda.

Haikuwa kukonda kwa mawazo. Nilikuwa nakula matonge matatu tumbo linajaa, halafu linanguruma mpaka mteja aliyekuja kupimwa suruali anageuka kuangalia. Baadaye natapika. Kope zikaanza kulegea, nikawa naonekana nimesinzia saa zote. Miguu nayo ikawa inakufa ganzi, nakanyaga pedeli ya cherehani siisikii vizuri.

Gauni zangu nilikuwa nazipunguza mwenyewe. Napunguza pembeni, baada ya muda napunguza tena. Fundi mwenzangu akaniuliza kwa nini sikati kitambaa kabisa, nikamwambia kitambaa hakikatwi, nitakihitaji. Alicheka. Mimi nilikuwa sitanii.

Mtaani mnajua walichosema. Kakanyaga miwaya. Nimepima ngoma, yaani UKIMWI, mpaka dada wa maabara akawa ananisalimia kwa jina. Hakuna. Nikapima TB, hakuna. Nikanywa dawa za vidonda vya tumbo za kila aina, nikaachana nazo mwenyewe.

Hapo ndipo anapoingia baba mkubwa.

Baba mkubwa ndiye kaka wa marehemu baba, na baba alipofariki yeye ndiye aliyebaki kuwa mkubwa wa ukoo. Naomba mnielewe, huyu mzee si mtu mbaya. Aliuza ng'ombe wake anipeleke kwa mganga kule Masumbwe. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ananipenda, na bado ananipenda, ndiyo maana kisa hiki kinaniuma mpaka leo.

Mganga aliniangalia, akamuangalia Dotto aliyetusindikiza pamoja na mama, akasema: huyu mmoja ndiye anayemla mwenzake. Pacha akinenepa hivi na mwenzake akawa hivi, chakula cha huyu kinaenda tumboni kwa yule.

Dotto kweli ana mwili. Anashuka shimoni, anabeba mawe, anakula ugali wa watu wawili. Nilimcheka mganga pale pale mbele yake. Mama hakucheka. Baba mkubwa naye hakucheka. Njia nzima kurudi hakuna aliyemsemesha Dotto, na tulipofika nyumbani mama akapakua sahani mbili.

Wakuu, mapacha kutenganishiwa sahani ukubwani. Dotto aliiangalia ile sahani, akala haraka, akaondoka kurudi Mwakitolyo.

Nisiwachoshe. Baada ya kuzunguka sana nilifika hospitali moja ya rufaa, nikamkuta daktari dada mdogo tu, nadhani tumelingana umri. Aliacha tumbo akaanza kuangalia macho yangu. Akauliza habari za miguu. Akauliza kama baba na mama walikuwa na undugu wa mbali. Kisha akasema, "Dada Kulwa, kuna kitu nakishuku ila sitaki nikupe jibu la kubahatisha." Damu ikapelekwa kupimwa mbali. Jibu lilichukua muda mrefu, na lilipokuja alinipigia yeye mwenyewe.

Mwilini mwangu kuna kimeng'enya kimoja hakifanyi kazi. Mliokuwa mnasinzia kwenye kipindi cha baiolojia: vimeng'enya ndivyo vinavyovunja na kutengeneza vitu mwilini. Changu kilitakiwa kivunje taka fulani. Kwa kuwa hakifanyi kazi, taka zinajaa kwenye damu, zinaharibu neva, na utumbo unasahau kusukuma chakula. Nilizaliwa hivyo. Baba na mama kila mmoja alikuwa na kasoro nusu bila kujua, mimi nikazipata zote mbili. Dotto alipimwa, yeye ni mzima.

Mama aliposikia aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemroga mwanangu?" Daktari alimshika mkono, akamweleza tena na tena kwamba hakuna aliyemfanyia mtu ubaya. Mama aliitikia. Kuitikia si kukubali.

Tiba yenyewe ilikuwa bado ya majaribio, na hospitali moja ya Dar ilikuwa inapokea wagonjwa. Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu balaa lote lilianzia hapa.

Ukichomwa hicho kimeng'enya kikavu kikavu kwenye mshipa, mwili unakiona mgeni, unakishambulia, kinakwisha kabla hakijafanya kazi ya maana. Kwa hiyo wanakificha. Wanakuchukua damu, wanatenga chembe nyekundu, wanaziloweka kwenye maji yenye chumvi hafifu. Chembe zinavimba, zinafunguka vitundu vidogo mno, kimeng'enya kinaingia ndani. Wanarekebisha chumvi, vitundu vinajifunga. Halafu unarudishiwa damu yako mwenyewe, siku ile ile, ukiwa umekaa kwenye kiti. Mwili unaona damu yake, unatulia. Taka zikipita zinaingia kwenye chembe, zinakutana na kimeng'enya humo ndani, zinavunjwa. Chembe zikizeeka, unarudia.

Mara ya kwanza nililia. Nilipoona mfuko umejaa damu yangu, na mimi mwenyewe nilivyokuwa nimekwisha, nilijiuliza nimeleta nini hapa. Ila mfuko ulirudi. Niliukodolea macho mpaka tone la mwisho.

Sikupona kesho yake, asije mtu akanidanganyia watu humu. Ilikuwa polepole mno. Baada ya safari kadhaa za Dar nikagundua kwamba jana sikutapika. Baadaye nikagundua kwamba juzi pia. Siku niliyomaliza sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando bila kutapika, nilimpigia simu Dotto nikiwa nalia, akadhani nimefiwa.

Nauli zote za Dar alikuwa ananipa Dotto.

Na Dotto kwa furaha zake akaenda kuwasimulia wenzake kule kwenye duara.

Kwa ambao hawajafika machimboni, duara ni lile shimo na watu wake, mnachimba pamoja mnagawana pamoja. Dotto hajui chembe nyekundu. Dotto anajua mawe. Akawaeleza kwa lugha yao: "Damu ya Kulwa inatolewa, inapelekwa planti, inatiwa dawa, halafu anarudishiwa."

Basi. Akaishia hapo, akaenda kuoga.

Mchimbaji yeyote anajua planti ni nini. Mchanga uliokwisha oshwa, ule tunaouita marudio, unapelekwa planti, unatiwa dawa, dhahabu iliyobaki inanyonywa. Dhahabu inabaki kwa mwenye planti. Kinachotoka nje ni mchanga mfu, hauoti hata nyasi.

Kwa hiyo wale jamaa walielewa kwamba Dotto anampeleka pacha wake Dar, uhai unanyonywa unabaki kwa mtu, na Kulwa anarudishiwa maji mekundu. Siwalaumu sana kwa hilo. Ningekuwa mchimbaji na mimi ningeelewa hivyo hivyo.

Halafu duara likatema.

Baada ya miezi ya kuchimba mawe matupu, likatema dhahabu wiki ile ile niliyokuwa Dar. Jamani! Hata ungetaka kutunga usingeweza. Mganga alishasema Dotto ananila, na neno hilo lilishafika machimboni. Damu imetolewa. Duara limetema. Watu wakajumlisha, wakapata kafara.

Wachimbaji wakagoma kushuka shimoni na Dotto. Wa kula naye hakuna. Akikaribia sinia watu wanatoa mikono. Na mnajua huku kwetu neno kama hilo likisambaa linaweza kuishia kwenye panga. Dotto akakimbilia Geita kwa rafiki yake, akawa anabadilisha laini za simu.

Baba mkubwa akaja nyumbani Nyahanga. Nikamwamkia, "Shikamoo baba mkubwa." Akaitikia marahaba, akakaa, akasema:

"Mwanangu, mtu akiishiwa damu anaongezwa. Wewe umeishiwa, bado unatolewa. Hiyo akili ni ya nchi gani?"

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Mama alikuwa amekaa mlangoni, anachambua mchele usio na mchanga. Baba mkubwa akasema hakuna kwenda Dar tena, ukoo umekataa. Nikamgeukia mama. Mama akasema, "Mayu, pumzika kwanza."

Anaponiita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, huwa siwezi kumkatalia. Nikapumzika.

Nilikosa safari ya kwanza. Nikakosa ya pili. Tumbo likaanza kunguruma tena. Siku niliyotapika uji nikiwa nimeinama uani, mama alikuja akanishika kiuno, na nilimsikia anasema kwa sauti ya chini, "Si huyo kaondoka? Mbona bado anamla mwenzake?"

Wakuu, hapo ndipo kichwa changu kiliposhika moto. Dotto yuko Geita, hana kazi, analala kwenye godoro la watu. Mimi natapika kwa kukosa dawa. Na bado mwenye kosa ni Dotto! Ningekufa siku ile, Dotto asingemaliza wiki. Wangenizika mimi asubuhi na kumfuata yeye jioni.

Nikasema siwezi kufa kijinga hivi. Na Dotto hafi kwa ajili yangu.

Nilipanda basi la Dar kwa akiba yangu ya ushonaji, bila kumuaga mtu. Nikampigia mama nikiwa tumeshapita Nzega, akakata simu. Daktari wa Dar alinigombeza kwa kukosa safari mbili, kisha akaniwekea mto nyuma ya mgongo. Nikaenda na safari iliyofuata, na iliyofuata, kila nikirudi nyumbani hakuna anayeniuliza nilikuwa wapi. Kutapika kukakoma tena. Mama alikuwa anaona. Alikuwa ananiangalia nikila kupitia dirisha la jikoni, nikiinua kichwa anajifanya anatafuta mwiko.

Ndipo mwenye duara akaitisha kikao Mwakitolyo. Watu walikuwa hawataki kushuka shimo la kafara, yeye anataka kazi iendelee. Akamwita baba mkubwa aje amkane Dotto mbele ya wachimbaji, shimo lisafishwe na mganga, yaishe. Dotto naye aliitwa, akakubali kuja. Aliniambia kwenye simu, "Kulwa, nikikanwa nitahama, wewe utabaki salama na dawa zako." Nikamwambia anyamaze.

Nikapika. Ugali wa mtama, mboga ya mgagani iliyokolea karanga, na samaki sato. Nikaweka kwenye sinia kubwa, nikafunga kwa kitenge, nikakodi bodaboda. Mama akaniuliza naenda wapi na chakula chote hicho. Nikamwambia, "Kwenye kikao cha kumkana mwanao. Twende."

Alipanda nyuma yangu.

Tulikuta wanaume wamekaa chini ya turubai, pembeni ya shimo. Baba mkubwa kwenye kiti, mwenye duara kando yake. Dotto amesimama peke yake upande wa pili, kakonda kidogo. Nikaamkia wote, mmoja mmoja, sikuruka mtu. Kisha nikatandika kitenge katikati, nikaweka sinia, nikaketi.

Baba mkubwa akasema, "Kulwa, hiki ni kikao cha wanaume."

Nikasema, "Damu ni yangu, baba mkubwa. Kikao cha damu yangu nitakaa."

Kuna aliyecheka, akajikohoza haraka.

Nikawaambia hivi, nakumbuka karibu neno kwa neno: "Dotto aliwaelezea nusu. Nyie mnapeleka planti mchanga wenye dhahabu, mnaachiwa mchanga mfu. Mimi ndiye niliyezaliwa na mchanga mfu. Kule Dar wanautia dhahabu ndani, wananirudishia mimi, siku hiyo hiyo, na hakuna gramu inayobaki kwa mtu. Mnasema Dotto ananila. Haya. Leo namla na mimi. Dotto, njoo tule."

Dotto hakusogea. Alikuwa anamuangalia mama.

Nikamwambia, "Dotto, ugali unapoa, bwana!"

Akaja, akanawa, akaketi. Tukaanza kula sinia moja, kama zamani. Nilikula makusudi. Nilimega matonge makubwa, nikachovya mgagani, nikachambua sato mpaka kichwa. Wale wanaume wote walikuwa wananiangalia tumbo, si uso. Walikuwa wanasubiri nitapike.

Nikawaambia, "Subirini tu. Mwenye haraka aende."

Wakasubiri kweli. Hakuna aliyeinuka. Dotto tonge likamdondoka mara mbili. Mimi niliogopa pia, nisiwadanganye. Tumbo langu lina historia. Kuna dakika lilinguruma, nikaona baba mkubwa ameshika mikono ya kiti, na sikujua kama ananiombea tonge lipande au lishuke.

Likashuka.

Nikaendelea kula.

Ndipo nikasikia maji yanamwagwa nyuma yangu. Ni mama, ananawa mikono. Alikuja akaketi katikati yetu, akamega tonge. Hakulitia mdomoni kwake. Alimlisha Dotto, kama anamlisha mtoto mchanga, mbele ya wanaume wote wale, na machozi yanamtiririka. Akasema Kisukuma, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba hawa wawili wametoka tumbo moja na hakuna anayemla mwenzake.

Wachimbaji wawili wakaja kunawa. Baadaye wa tatu. Wengine wakaondoka wananong'ona, na najua mpaka leo wananong'ona. Baba mkubwa hakula. Alisimama, akasema hana sababu ya kumkana mtu leo, akachukua fimbo yake akaondoka.

Dotto yuko kazini tena, duara jingine, maana lile hakulitaka. Baba mkubwa bado hamsalimii vizuri. Ila safari iliyopita ya Dar alinipigia akauliza, "Umeshafika? Na ile damu, wameirudisha yote?" Nikamwambia, yote baba mkubwa. Akasema haya, akakata.

Sijapona, wakuu. Miguu bado ina ganzi, na majaribio ni majaribio, siku yoyote wanaweza kusema yamefika mwisho. Nikiwaza hilo usingizi unapaa. Lakini likija nitapambana nalo likiwa na jina lake la kitabibu. Sitakubali tena lipewe jina la ndugu yangu.

Nilichojifunza? Ukimweleza mtu jambo jipya kwa lugha ya kazi yake, usiende kuoga katikati. Maliza. Dotto nusura auawe na nusu ya maelezo.

Na wewe ambaye una mgonjwa ndani, anakonda na vipimo havisemi kitu, kabla hujatafuta nani anamla, mwangalie macho, muulize miguu, mtafute daktari anayeuliza maswali ya ajabu. Kuna magonjwa ambayo hata majina yake hujawahi kuyasikia.

Wenye maswali ulizeni, nitajibu ninachokijua, nisichokijua nitasema sijui. Mwenye mgonjwa wa namna hii anifuate pembeni. Na wale wa "hiyo ni kafara tu dada, umefumbwa macho", karibuni pia, andikeni mpaka mchoke, nasoma zote.

Ila mnivumilie nikichelewa kujibu. Nina gauni zangu zote mezani hapa, nafumua ile mishono niliyokuwa napunguzia. Kitambaa sikukikata.